Namna ya kuanza kuangalia picha za Kifaransa, na zipi uanze nazo

Kila nikimkalisha mtu aangalie picha la Kifaransa, dakika ya ishirini hivi naulizwa swali lilelile, "sasa hili picha linaanza saa ngapi?" Dada yangu kaniuliza, jirani kaniuliza, hata shemeji yangu ambaye ni mtu wa subira kweli naye kaniuliza. Jibu langu siku zote ni kwamba limeshaanza zamani, ila we bado unamtafuta steringi na adui. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, picha la Kihindi, la Kichina, la komando, steringi unamjua toka anashuka kwenye gari, adui unamjua kwa kicheko chake, afu juu yake kuna dijei anakutafsiria kwa Kiswahili hadi kile mtu anachowaza. Raha sana ile na mi siidharau hata kidogo. Ila picha nyingi za Wafaransa hazikupi hicho kitu, zinakuwekea watu wako mezani wanakula, wanakaa kimya, mmoja anavaa koti anatoka, na stori yote iko humohumo kwenye kula na kukaa kimya. Ukilijua hilo kabla hujabonyeza plei umeshapunguza nusu ya tabu, hii nusu nyingine ndo nataka nikuelekeze hapa.

Mi nilianza vibaya. Nilitafuta mtandaoni "filamu bora za Kifaransa", mojawapo ya zilizokuja juu kabisa ni À bout de souffle ya Jean-Luc Godard, ya 1960, nikaiwasha usiku nimechoka, simu mkononi. Jamaa kaiba gari, anaendesha huku anaongea peke yake anaiangalia kamera, afu picha inarukaruka, mtu yuko kwenye siti ya gari mara kichwa kimegeuka mara barabara imebadilika na bado mazungumzo ni yaleyale, nikajua faili limeharibika. Kumbe ndo ilivyokatwa. Filamu ilikuwa imekuwa ndefu mno, na Godard badala ya kutoa sini nzima nzima akawa anakata vipande katikati ya sini zenyewe, na ile mikato ikaja kuigwa dunia nzima. Leo naipenda, tena sana. Lakini inachezea muvi za majambazi za Marekani za zamani na mi nilikuwa sijaona hata moja, kwa hiyo nusu ya utamu ilinipita kushoto. Niliachana na picha za Kifaransa karibu miaka miwili kwa sababu ya usiku ule mmoja.

Kwa hiyo cha kwanza, orodha za filamu bora ziweke pembeni kwa sasa. Anza na filamu ambayo ndani yake kuna kitu unakijua kwenye maisha yako mwenyewe, hata kama ni kidogo.

Iliyonirudisha mimi ni 35 rhums ya Claire Denis, ya 2008. Baba na binti yake wanakaa pembezoni mwa Paris, watu weusi, baba anaendesha treni za RER zile zinazowaleta watu mjini na kuwarudisha makwao, binti anasoma chuo, mama alishafariki. Mwanzoni binti anapita dukani ananunua raiskuka, lile sufuria la umeme la kupikia wali. Anafika nalo nyumbani. Baba naye anarudi kutoka kazini, mkononi kashika la kwake alilonunua. Binti hasemi kitu. Analipokea la baba kwa furaha, wali unapikwa kwenye hilo, wanakula, na lile alilonunua yeye analisogeza pembeni bado limefungwa ili baba asijisikie vibaya. Basi. Hakuna muziki wa kukuliza wala mtu wa kukwambia hawa wanapendana.

Mi nilisimamisha filamu pale pale. Nikiwa darasa la saba baba yangu aliniletea sare ya shule, kumbe mama mdogo alikuwa ameshaninunulia nyingine, na mama mdogo akaificha ya kwake kabatini hakusema neno. Niliikuta nikiwa kidato cha pili, hainitoshi tena, bado iko kwenye mfuko wake wa dukani. Sasa mwongozaji wa Kifaransa ambaye hanijui ananionesha kabati la kwetu. (Na lile sufuria la pili usilisahau mpaka mwisho wa filamu.)

Humo humo kuna sini ya kwenye mgahawa. Wanaenda kwenye shoo, mvua inanyesha, gari linawaharibikia, wanaingia kwenye kimgahawa, mwenyewe anakubali kuwahudumia, muziki unawekwa, ni ule wimbo wa Commodores, Nightshift. Baba anacheza na binti yake taratibu. Kijana jirani yao anakuja, anampokea binti, wanaendelea kucheza wao, na kamera inakuja kwa baba. We mwangalie Alex Descas, ndo huyo baba, usoni tu, anamwona mwanae anatoka mikononi mwake palepale, na hakuna anayesema kitu. Ukiikosa ile sura kwa sababu ulikuwa unajibu meseji basi umeikosa filamu yote. Na huyo binti ni Mati Diop, ambaye baadaye akawa mwongozaji mwenyewe, filamu yake ya Atlantique kaipiga Dakar na ikachukua Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2019. Nayo itafute.

Ndo maana sheria yangu ya pili ni simu. Weka chumba kingine. Picha la Kifaransa likiwa halina maongezi ndo linaongea zaidi, afu ukiongeza na haya maandishi ya chini, macho yako yana kazi mbili tayari, ya tatu hayaiwezi.

Haya, sasa uchague ipi. Kama we ni mwalimu au una mwalimu nyumbani, anza na Entre les murs ya Laurent Cantet, ilichukua Palme d'Or, tuzo kubwa kuliko zote ya Cannes, 2008. Ni darasa moja la sekondari ya Paris, mwaka mzima wa masomo, hutoki nje ya geti. Mwalimu kaigizwa na François Bégaudeau ambaye alikuwa mwalimu kweli na ndo aliyeandika kitabu ilikotoka filamu, na watoto ni wanafunzi kweli sio waigizaji wa kazi hiyo. Kuna kikao cha nidhamu, mtoto anaitwa Souleymane, mama yake katokea Mali hajui Kifaransa, anaongea kwa lugha yake kumtetea mwanae kwamba nyumbani ni mtoto mzuri anasaidia kazi, na wa kuwatafsiria walimu ni Souleymane mwenyewe, yule yule anayetaka kufukuzwa. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha shule kinachofanana na kile, tofauti ni lugha tu, na mzazi alikuwa anaongea anaangalia chini vilevile.

Kama we ni kijana wa mtaani, La Haine, 1995, ya Mathieu Kassovitz. Hii hata dada yangu hakuniuliza inaanza saa ngapi. Rafiki watatu, Vinz Myahudi, Saïd Mwarabu, Hubert mweusi, mtaa wao wa maghorofa umetoka kwenye vurugu na polisi usiku, mwenzao yuko hospitali mahututi, na Vinz kaokota bastola ya polisi. Saa zinaandikwa kwenye skrini kuanzia asubuhi mpaka alfajiri ya kesho yake, na unazihesabu huku roho inadunda. Imepigwa nyeusi na nyeupe, usiogope hilo, dakika tano tu unasahau. Kilichomsukuma Kassovitz kuiandika ni kifo cha Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, aliyepigwa risasi ndani ya kituo cha polisi Paris mwezi wa nne 1993. Ukishajua hilo ile bastola inakuwa nzito zaidi. Ukiimaliza, wiki inayofuata weka Les Misérables ya Ladj Ly, ya 2019, hii imepigwa Montfermeil mtaani kwake mwenyewe, inaanza na watu wanasherehekea Kombe la Dunia la 2018, wote wameshika bendera moja, afu kesho yake unaona hiyo bendera inawahusu kiasi gani. Angalia usidaunlodi ya jina hilohilo ambayo wanaimba, ile ni nyingine kabisa.

Wenzetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu mna bahati, Kifaransa mmekifanya shuleni, maandishi ya chini mnaweza kuzima. Ila kwenye La Haine mtapata shida kidogo maana wale vijana wanaongea verlan, maneno wanayageuza silabi, femme inakuwa meuf. Ni Kinyume kilekile tulichokuwa tunaongea utotoni, nyumba inakuwa mbanyu, ili wakubwa wasielewe.

Sasa kwa nyie wa kukaa ukingoni mwa kiti, nina mbili. Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot, 1953. Madereva wanne, malori mawili, mzigo ni naitrogliserini, kitu ambacho ukikitikisa kinalipuka, na njia ni mbovu ya Amerika Kusini, wanapeleka kuzima moto wa kisima cha mafuta. Mtu yeyote aliyewahi kupanda lori la mizigo kwenye barabara ya vumbi anaijua ile hofu ya kila shimo. Lakini sikiliza, karibu saa nzima ya mwanzo hakuna lori. Ni mji tu, joto, watu hawana hela ya nauli ya kuondoka, wanadaiwa, wanagombana. Usiruke hiyo saa! Ile njaa ya kwenye ule mji ndo inayokufanya uelewe kwanini mtu mzima mwenye akili anakubali kupanda lile lori.

Ya pili kwangu ni kubwa zaidi, Un condamné à mort s'est échappé ya Robert Bresson, 1956. Jina lenyewe maana yake ni mfungwa wa kunyongwa ametoroka. Ameshakwambia mwisho kwenye bango! Na bado mi nilikuwa nabana pumzi. Ni gereza la Montluc, Lyon, 1943, Wajerumani wamelishika, na Fontaine ana kijiko. Anakinoa kijiko kwenye sakafu ya saruji, anachokonoa mbao za mlango, moja, ya pili, vumbi la mbao anafagia kwa unyasi, akisikia nyayo anaacha. Kamera inaangalia mikono yake muda wote, sauti ndo inakwambia askari yuko wapi. Bresson alikuwa hataki waigizaji wa kuigiza, alitaka watu wa kawaida, sura haioneshi kitu, kwa hiyo unaisoma hofu kwenye vidole. Kwa mtu aliyezoea steringi hafi, hii ni dawa nzuri, maana hapa unajua hafi na hofu iko palepale. Masikio yako fungua, kama una hedifoni vaa.

Wapenzi wa picha la Kihindi na taarabu njooni huku, Les Parapluies de Cherbourg ya Jacques Demy, 1964, muziki wa Michel Legrand. Humu hawaimbi kwenye sini za nyimbo tu, wanaimba kila kitu, hadi fundi gari anayeuliza habari ya injini anaimba. Dakika kumi za mwanzo utasumbuka, vumilia, sikio linazoea. Binti wa duka la miavuli, kijana wa gereji, kijana anaitwa jeshini vita ya Algeria, barua zinapungua, binti ana mimba, na kuna bwana tajiri wa vito anamtaka. Stori hiyo kwenye kanga zetu iko mara ngapi. Demy kapaka kila ukuta rangi, pinki, bluu, kijani, na nguo zinaenda na kuta, na kadri mambo yanavyoharibika zile rangi bado zinang'aa tu, ndo inakuuma zaidi. Sini ya mwisho ni kituo cha mafuta usiku, theluji inadondoka, sitasema zaidi, nilitoka sebuleni nikaenda kusimama nje.

Wa kesi na mahakama muangalie Anatomie d'une chute ya Justine Triet, Palme d'Or 2023 na baadaye Oscar ya skripti. Mume kaanguka kutoka juu ya nyumba, mke anashtakiwa, shahidi ni mtoto wao ambaye haoni vizuri. Ni ndefu, saa mbili na nusu. Huambiwi kwa uhakika kama aliua, na watu wananilaumu kwa hilo kana kwamba nimeiandika mimi. We iangalie kama ndoa iliyoletwa mahakamani, mke Mjerumani mume Mfaransa wanaongea Kiingereza ambacho sio cha yeyote kati yao, na kila mmoja anaona yeye ndo aliyejinyima.

Watoto wapo nyumbani? Le Ballon rouge, 1956, dakika 34, mtoto na puto jekundu linalomfuata mitaani Paris, maneno karibu hakuna, hata wa miaka minne anaelewa. Na Kirikou et la sorcière ya Michel Ocelot, 1998, katuni, mtoto anaongea toka tumboni anamwambia mama yake amzae, Ocelot utoto wake aliuishia Guinea na inaonekana, muziki ni wa Youssou N'Dour. Humo watu wa kijijini wamechorwa vifua wazi kama zamani, mi sioni tatizo, ila kama kwenu ni tatizo ujue mapema.

Na hapo niseme la wazazi. Wafaransa hawana kawaida ya kukuandaa kwa sini za chumbani, zinakuja tu. Kwa hiyo filamu yoyote ya watu wazima iangalie kwanza peke yako kabla hujaiweka sebuleni baba akiwepo. Ukitaka ya kukaa na familia nzima kwa amani ni hizo mbili za watoto, ile ya Bresson, na Être et avoir ya Nicolas Philibert, 2002, ni maisha halisi ya kashule ka kijijini chenye mwalimu mmoja na watoto wa rika zote chumba kimoja.

Mambo ya kiufundi haraka haraka. Tafuta filamu kwa jina la Kifaransa, maana majina ya Kiingereza yanabadilika na mengine yamekosewa. Faili la maandishi lipe jina sawasawa na la filamu, viweke folda moja, programu ya VLC kwenye kompyuta italisoma yenyewe. Maandishi yakichelewa bonyeza G, yakiwahi bonyeza H, unabonyeza kidogo kidogo mpaka midomo na maneno vikutane. Ile ya kuingiziwa sauti za Kiingereza juu yake kimbia, sauti ya mtu ni nusu ya uigizaji wake. Bando likibana, vituo vya utamaduni wa Kifaransa vya Alliance Française vipo Dar, Nairobi, Mombasa, uliza ratiba yake ya filamu, kuangalia kwenye skrini kubwa na watu wamenyamaza ni kitu kingine.

Mtaniuliza mbona sijaitaja Intouchables. Naipenda, Omar Sy pale ni dhahabu, na 2012 alichukua César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya muigizaji bora, mtu mweusi wa kwanza kuichukua hiyo ya muigizaji mkuu wa kiume. Lakini inakulainishia kila kitu, tajiri na maskini wanacheka, shida zinaisha. Iangalie siku umechoka. Na Amélie Poulain, ya 2001, nzuri machoni kama keki, ila Montmartre ile, mtaa wa Paris, wameisafisha mno, ukimwacha Lucien wa gengeni huwaoni kabisa wale watu wa Afrika waliojaa Barbès, na Barbès ni hapo hapo kwa miguu. Hilo mi linanikera kila nikiirudia.

Afadhali utumie huo muda kwa Chocolat ya Claire Denis, 1988, yeye alikulia Afrika, baba yake alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na filamu ni Kameruni ya wakati huo. Protée ni boi, kwa maana ileile tunayoijua sisi, wa kufua, kupika, kumfunga bibi gauni mgongoni. Isaach de Bankolé anayemwigiza hapaazi sauti. Kuna mahali anaoga nje, wazungu wa ile nyumba wanakatiza kurudi, anajibana ukutani wasimwone, na wakishapita analia. Babu yangu aliwahi kuwa boi na hajawahi kutuhadithia hata siku moja. Sikuwahi kujiuliza kwanini mpaka nilipoiona ile.

Ukishaona tano sita za hizo, sasa rudi kwenye kubwa zao. Usianze na Godard, anza na Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, 1959. Antoine ana miaka kama kumi na mbili au tatu, nyumbani hatakiwi sana, shuleni ni adhabu, anaiba taipureta kazini kwa baba, anapelekwa kituo cha kurekebisha tabia. Kule kuna sini anahojiwa na mwanasaikolojia ambaye hatumwoni, kamera iko kwa mtoto tu, Jean-Pierre Léaud anajibu kama anavyojibu mtoto kweli, anachezea vidole, anacheka kidogo pasipochekesha. Afu siku moja wanacheza mpira, mpira unatoka nje, anaurusha, na palepale anapita chini ya uzio anakimbia. Anakimbia muda mrefu kwelikweli na kamera inakimbia naye mpaka baharini, anakanyaga maji, anageuka, anakuangalia we uliyekaa kwenye kochi, na picha inaganda.

Hapo lazima mtu sebuleni aulize "ikawaje?" Safari hii jibu lipo. Truffaut aliendelea na Léaud huyohuyo kama Antoine mpaka 1979, filamu nne zaidi. Inayofuata ni Antoine et Colette ya 1962, fupi, nusu saa tu, Antoine ana miaka 17, ana chumba chake, anafanya kazi kwenye kiwanda cha santuri, na anahamia jengo linalotazamana na kwao msichana anayempenda. Iweke usiku huohuo.